Kama seli zinachoma chakula, mbona hatuungui?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu kinasema seli zinachoma chakula kwa oksijeni kama moto unavyochoma kuni. Sasa kama ni kuchoma kweli, mbona ndani hatuungui? Na ile oksijeni tunayovuta ndo hiyohiyo inageuka kabonidayoksaidi tunayoitoa? Na la mwisho, kitabu kimoja kinasema glukosi moja inatoa ATP 38, kingine 32, kingine 30. Nishike kipi? Mtihani uko karibu."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza matatu, na la katikati ndo zuri kuliko yote ingawa naona umelichomeka tu kama mtu anayepita njia. Hilo ngoja nilijibu kwanza halafu ndo tuzunguke: hapana. Oksijeni unayovuta sasa hivi haitoki ikiwa kabonidayoksaidi, inageuka maji. Na ile kabonidayoksaidi unayoitoa, oksijeni yake imetoka kwenye chakula chenyewe na kwenye maji ya mwilini. Usijisikie vibaya, mimi mwenyewe nilifundisha hili kimakosa miaka kadhaa, nasimama ubaoni nachora mshale kutoka O2 kwenda CO2 bila wasiwasi wowote, mpaka siku moja kijana mmoja wa dawati la nyuma kabisa akaniuliza "mwalimu, hiyo oksijeni inakutana wapi na kaboni?" Nikatafuta kwenye mchoro wangu mahali pa kumwonyesha nikakosa. Manake hazikutani. Na kwa sababu hazikutani ndo maana hatuungui.

Hebu tupige hesabu ya darasani. Glukosi moja ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Mwisho wa safari zinatoka kabonidayoksaidi 6, na kila moja inabeba oksijeni mbili, kwahiyo tunahitaji oksijeni 12. Sukari yenyewe inazo 6 tu. Zile 6 zinazopungua zinatoka wapi? Mtu ukimuuliza ghafla atakwambia si tunazivuta puani. Sasa ukifuata njia hatua kwa hatua unakuta zinatoka kwenye maji: kuna hatua ambapo maji yanaingizwa kwenye molekuli, oksijeni inashikamana na kaboni humohumo, baadaye kaboni inapong'olewa inaondoka na oksijeni ambayo tayari ilikuwa nayo. Kaboni zote 6 zinatoka hivyo, bila hewa uliyovuta kuzigusa hata mara moja.

Hili neno "kuchoma" limetoka mbali na waliolianzisha hawakuwa wajinga. Mwaka 1783 Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walitoa taarifa ya jaribio moja tamu sana. Walimweka simbilisi (kale kanyama kanakofanana na panya mnene asiye na mkia) ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake, na wakapima pia hewa aliyotoa. Halafu wakachoma mkaa mpaka utoe hewa kiasi kilekile, wakapima barafu tena. Namba zikakaribiana. Wakasema basi, kupumua ni kuchoma, ila polepole. Kwa upande wa jumla walikuwa sahihi kabisa: gramu 180 za glukosi ukizichoma maabara au ukizitumia mwilini zinaachia nguvu ileile, kama kilojuli 2,800. Walichokosea ni mahali, Lavoisier alidhani moto huo uko kwenye mapafu. Mapafu ni mlango tu, kazi inafanyika ndani ya seli, karibu kila seli uliyo nayo.

Kwahiyo jumla ni ileile lakini njia ni tofauti. Chukua kisima chenye kapi juu na ndoo ya mawe imening'inia kwenye kamba. Ukikata kamba ndoo inaporomoka, inagonga chini kwa kishindo, na nguvu yote imeishia kwenye kelele na joto. Huo ndo moto. Lakini ukifunga ndoo nyingine ya maji upande wa pili wa kamba, ile ya mawe ikishuka hii ya maji inapanda. Kimo ni kilekile, mawe ni yaleyale, ila safari hii umebaki na kitu mkononi. Seli kazi yake yote ni hiyo, hairuhusu kitu kishuke bila kingine kupanda. Haifanikiwi kwa asilimia mia, kamba ina msuguano wake, lakini inajitahidi mno.

Kinachoshuka ni nini sasa? Ni elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi zilizomo kwenye kila atomu. Hapa ndo vitabu vingi vinakupoteza vikisema "nguvu imehifadhiwa kwenye vifungo vya sukari" kana kwamba kuna kijipakiti ndani ya kifungo ukikivunja kinamwagika. Kuvunja kifungo cha kemikali kunakula nguvu, siku zote. Nguvu inapatikana kwa sababu elektroni za kwenye sukari zimekaa juu, zimeshikwa kilegevu, na oksijeni ni mroho wa elektroni kupita karibu vitu vyote vilivyopo mwilini. Elektroni ikitoka kwa anayeishika kilegevu ikaenda kwa anayeing'ang'ania, imeshuka, na tofauti ya kimo ndo nguvu tunayoila. Kwenye moto zinashuka zote kwa pamoja, fujo tupu, ndo maana unaona mwanga. Kwenye seli zinashushwa mbilimbili, kwa zamu, na kila zikishuka kidogo kuna kitu kinapandishwa.

Anayezibeba ni molekuli inaitwa NAD. Akishabeba jozi ya elektroni tunamwita NADH. Mwenzake anaitwa FAD, akibeba anakuwa FADH2. NAD anatengenezwa kutokana na vitamini B3, FAD kutokana na B2, na hapa niweke neno pembeni kwa sababu watu wanatapeliwa sana: vitamini haina nguvu ndani yake. Ukiona tangazo la vidonge vya kuongeza nguvu, wanachokuuzia ni mikokoteni, na mkokoteni usio na mzigo haukufikishi popote. Ukipungukiwa kweli utaumwa, hilo halina ubishi, upungufu wa B3 unaleta ugonjwa wa pelagra na wa B1 unaleta beriberi, lakini kama unazo za kutosha kuongeza nyingine hakukupi spidi.

Hatua za mwanzo nitapita haraka maana kitabu chako kinazo zote. Glukosi inaanza kukatwa kwenye ute wa seli, nje ya mitokondria (vile vyumba vidogo ndani ya seli ambamo nguvu nyingi inatolewa), kwa hatua 10, hii ndo glaikolisisi. Unaweka ATP 2 (ATP ni molekuli ndogo ambayo seli inaitumia kama pesa ya nguvu) unapata 4, faida 2, sukari ya kaboni 6 imekuwa piruveti mbili za kaboni tatutatu, na jozi mbili za elektroni zimeshapandishwa kwenye NAD. Oksijeni haihitajiki kabisa hapa. Seli zako nyekundu za damu zinaishi kwa hatua hizi tu mpaka zinakufa, hazina mitokondria hata moja, ukikaa ukafikiria ni jambo la kuchekesha, zinabeba oksijeni kutwa nzima na zenyewe haziigusi.

Piruveti zinaingia mitokondria, kila moja inapoteza kaboni moja mlangoni, kaboni mbili zilizobaki zinaingia kwenye mzunguko aliouchora Hans Krebs akiwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1937. Alipeleka barua yake kwenye jarida la Nature wakamrudishia, wakamwambia wana barua za kutosha kujaza wiki saba nane, akaipeleka jarida lingine. Mwaka 1953 akapata Nobeli. Usikariri majina ya asidi zote za mle kama mtihani haukulazimishi, angalia mzunguko unafanya nini: unang'oa kaboni zilizobaki zinaondoka kama kabonidayoksaidi, na unapakia elektroni kwenye mikokoteni.

Sasa simama hapo uhesabu. Sukari imekwisha. Kaboni zote 6 zimeshaondoka, hakuna tena kitu kinaitwa chakula mle ndani. ATP ulizopata mpaka sasa? Nne tu. Mbili za glaikolisisi na mbili za mzunguko (kiufundi za mzunguko zinaweza kuwa GTP, ndugu yake, thamani ileile). Nne! Yaani umemaliza gunia zima na mfukoni una senti. Wanafunzi wengi wanafika hapa wanadhani wameruka ukurasa. Hujaruka, nguvu iko kwenye mikokoteni: NADH 10 na FADH2 2, jumla jozi 12, elektroni 24. Hiyo 24 iweke akilini tutaihitaji.

Hapa ndo napapenda. Mitokondria ina utando mara mbili, wa nje na wa ndani, na wa ndani umejikunjakunja kama shuka uliyosukumia kwenye kabati dogo ili eneo liwe kubwa. Kwenye huo wa ndani zimechomekwa mashine nne za protini. NADH inakuja inashusha elektroni zake kwenye ya kwanza (FADH2 yeye anaanzia ya pili, kituo cha chini kidogo, ndo maana analipwa kidogo), elektroni zinapita kwenye vipande vya chuma na shaba vilivyofichwa ndani ya protini, zinaruka kutoka kipande hadi kipande, kila mruko zinashuka, na nguvu ya kushuka inatumika kusukuma protoni (haidrojeni iliyopoteza elektroni yake) kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje wa utando huo. Jozi moja ya NADH inasukuma protoni kama 10. Protoni haziwezi kurudi zenyewe, utando hauzipitishi. Zinajaa upande mmoja kama maji nyuma ya bwawa, na kwa sababu zina chaji zinaleta umeme pia, kama milivolti 150 au zaidi. Utasema milivolti 150 si kitu, betri ndogo tu ina volti moja na nusu. Lakini angalia unene wa utando, nanomita 5 au 6 hivi. Ukigawanya unapata karibu volti milioni 30 kwa mita. Ni nguvu ya umeme wa radi hiyo, imekaa kimya kwenye utando ambao hata hadubini ya kawaida haikuonyeshi.

Na oksijeni? Oksijeni iko mwisho kabisa, kwenye mashine ya nne, inasubiri. Elektroni zimeshashushwa zimechoka, lazima mtu azipokee maana asipozipokea foleni yote inaganda mpaka nyuma. Oksijeni moja ya hewani, O2, inapokea elektroni 4, inaokota protoni 4, inakuwa maji mawili. Basi. Hiyo ndo kazi yake yote mwilini, karibu yote ya ile uliyovuta inaishia hapo. Sasa ile 24: kila glukosi inatumia O2 6, na 6 mara 4 ni 24. Hesabu imefunga.

Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili, hatuungui kwa sababu sukari na oksijeni hazikutani uso kwa uso, elektroni zinatoka kwa mmoja zinafika kwa mwingine kwa kupitia njia ya katikati. Kifaa ambacho kinaweka kinachotoa elektroni huku, kinachopokea kule, na kulazimisha elektroni zipite kwenye njia huku zikifanya kazi, unakijua jina lake. Ni betri. Mitokondria inafanana na betri kuliko jiko, mimi hata ningekuwa na uwezo lile neno "kuchoma" ningelifuta kwenye vitabu vya sekondari.

Bado hatujatengeneza ATP. Protoni zimejaa nje, zinataka kurudi, na kuna mlango mmoja tu wa maana. Mlango wenyewe ni mashine inayozunguka, na siongei kwa mafumbo, inazunguka kweli kama tabo ya umeme wa maji. Chini kuna gurudumu lililokaa kwenye utando, kwetu sisi wanyama lina meno 8, kila protoni inayopita inalisogeza jino moja. Katikati kuna mhimili umepinda kidogo. Juu kuna kichwa kisichozunguka chenye vyumba vitatu, na mhimili uliopinda ukizunguka unakibana chumba hiki, unakiachia kile, ADP na fosfeti zilizokuwa zimekaa mle zinabanwa zinakuwa ATP, zinaachiwa, zinatoka. Mzunguko mmoja ATP 3. Na inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, hapo ulipokaa unasoma.

Mtu wa kwanza kusema kwamba nguvu inapita kwenye protoni za utando ni Mwingereza Peter Mitchell, mwaka 1961, na hakueleweka. Wakati huo kila mtu alikuwa anatafuta kemikali fulani ya katikati inayobeba nguvu kutoka kwenye elektroni kwenda ATP, wametafuta miaka na miaka hawaioni, halafu anakuja mtu anasema hamuioni kwa sababu haipo, kilichopo ni tofauti ya protoni pande mbili za utando. Mitchell akaacha chuo, akakarabati nyumba ya zamani kule Cornwall akaifanya maabara, akaendelea na Jennifer Moyle. Jaribio lililowanyamazisha wengi lilifanywa na wengine, Efraim Racker na Walther Stoeckenius, mwaka 1974, na kwangu mimi ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote ya biolojia: walitengeneza vipovu vya mafuta, wakavichomekea protini ya kijidudu cha maji ya chumvi kali ambayo ikipigwa mwanga inasukuma protoni, halafu wakachomekea ile mashine ya ATP iliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Vitu viwili ambavyo havijawahi kuonana tangu dunia iumbwe. Wakawasha taa, ATP ikatoka. Hakuna chakula, hakuna mlolongo wa elektroni, hakuna chochote kinachounganisha hizo protini mbili isipokuwa protoni. Mitchell akapewa Nobeli 1978.

Kuzunguka kwenyewe kulionekana kwa macho mwaka 1997. Wajapani walikigandisha kile kichwa kwenye kioo, kwenye mhimili wakabandika kinyuzi cha protini kinachong'aa, wakakipa ATP ili kiende kinyumenyume, wakaweka chini ya hadubini. Kinyuzi kikazunguka kama mkono wa saa uliochanganyikiwa, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Mwaka huohuo Paul Boyer na John Walker wakapata Nobeli kwa kueleza mashine hiyo.

Sasa umuhimu wa kufunga ule mlango vizuri. Ukitoboa utando protoni zikapita bila kuzungusha gurudumu, elektroni zinaendelea kushuka, chakula kinaendelea kuisha, ila ATP haitoki, yote inakuwa joto. Mwili wenyewe unafanya hivyo kwa makusudi sehemu moja: watoto wachanga wana mafuta ya kahawia, hasa mgongoni na shingoni, na mle kuna protini ambayo kazi yake ni kuvujisha protoni tu ili mtoto apate joto, maana hajui kutetemeka vizuri. Ukivujisha mwili mzima ni balaa. Kuna kemikali inaitwa dainitrofenoli, DNP. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walioishika walikuwa wanatokwa jasho, wanakonda, wengine wanakufa kwa homa. Miaka ya 1930 Marekani ikauzwa kama dawa ya kupunguza unene, na kweli ilikuwa inapunguza, ila baadhi ya watu walipikika kutoka ndani, joto linapanda na hakuna dawa ya kulizuia, na mwaka 1938 ikatangazwa haifai kwa binadamu. Bado kuna watu wanaiuza kwa kificho mtandaoni. Ukikutana nayo kimbia. Yaani unaweza kuungua kwa ndani kumbe, ila kinachokuunguza ni bwawa kuvuja, sio sukari kushika moto.

Na ukiziba upande wa pili, kwenye ile mashine ya nne? Ndo sumu ya sayanaidi inapokaa. Mtu anapumua, mapafu mazima, damu imejaa oksijeni mpaka ile inayorudi moyoni inakuwa nyekundu mng'ao badala ya kuiva, na bado anakufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu seli haina pa kuipokelea. Hapo unaona kupumua kwa pua na kupumua kwa seli ni mambo mawili.

Oksijeni ikichelewa tu, mfano umekimbia mbio fupi kwa nguvu zote, foleni inaanza kujaa, NADH haina pa kushusha, NAD mtupu anakosekana na bila NAD mtupu hata glaikolisisi inasimama. Seli inafanya ujanja, inashusha elektroni kwenye piruveti, inakuwa lakteti, NAD ameachiwa, mambo yanaenda kwa zile ATP mbilimbili. Hamira inafanya kitu kinachofanana na hicho, ila yenyewe inaishia kwenye pombe na kabonidayoksaidi. Halafu tafadhali, hii habari kwamba lakteti ndo inakufanya uumwe misuli kesho yake siyo kweli, ndani ya saa moja hivi imeshaondoka, ini na moyo wanaichukua wanaitumia, moyo unaipenda kabisa. Maumivu ya kesho ni michubuko midogo ya misuli na uvimbe wake.

Kuna mambo mawili hujauliza ila wenzako wananiulizaga kila mwaka. La kwanza, mtu akikonda mafuta yanaenda wapi? Wengi wanasema jasho, wengine chooni, wengine "yanageuka nguvu", jambo ambalo haliwezekani maana atomu hazipotei. Yanatoka puani. Kilo 10 za mafuta zikitumika zote, kilo 8.4 za atomu zake zinaondoka zikiwa ndani ya kabonidayoksaidi na kilo 1.6 zikiwa ndani ya maji, na njiani zinahitaji oksijeni kilo 29. Usianze sasa kuhema harakaharaka ukidhani utakonda, utapata kizunguzungu tu, kaboni haing'oki mpaka seli iwe na kazi ya kufanya. La pili, hayo maji ambayo oksijeni inageuka, yapo kweli? Yapo, mtu mzima anatengeneza karibu theluthi ya lita kwa siku. Kule majangwa ya Marekani kuna panya anayeruka kama kangaruu, anaweza kuishi kwa mbegu kavu bila kunywa tone, sehemu kubwa ya maji yake anajitengenezea kwa njia hiihii.

Na ule uvuguvugu wako ndo msuguano wa kapi niliyoisema. Mtu aliyekaa tu anatumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika na anatoa joto la wati 80 mpaka 100, sawa na balbu ya zamani. Katika nguvu ya glukosi theluthi moja mpaka nusu hivi ndo inaingia kwenye ATP, kutegemea unavyopiga hesabu, nyingine ni joto, na ATP yenyewe ikishatumika nayo karibu yote inaishia joto. ATP haiwekwi akiba, uliyo nayo mwilini sasa hivi haifiki hata robo kilo, ila kwa siku unaitengeneza na kuivunja mpaka jumla inakaribia uzito wako mwenyewe. Ndo maana dakika chache tu bila oksijeni ubongo unaanza kuharibika.

Haya, namba zako. 38 ni hesabu ya zamani, walikuwa wanasema NADH moja ni ATP 3 na FADH2 ni 2, kwahiyo 10 mara 3 ni 30, 2 mara 2 ni 4, jumlisha zile 4 za mwanzo, 38. Walipopima protoni vizuri wakakuta NADH inasukuma 10 na FADH2 6, na ATP moja inagharimu kama protoni 4, yaani zile za kuzungusha gurudumu pamoja na moja ya kuingiza fosfeti ndani. Kwahiyo NADH ni 2.5 na FADH2 ni 1.5. Fanya hesabu: 25, jumlisha 3, jumlisha 4, ni 32. Hiyo 30 inatokea pale zile NADH mbili za glaikolisisi, ambazo ziko nje ya mitokondria na haziwezi kuingia zenyewe, zinapopitisha elektroni zao kwa mlango wa bei mbaya unaozikabidhi usawa wa FADH2, unapoteza ATP moja kwa kila moja. Kwahiyo 32 na 30 zote ni sahihi, inategemea seli ipi na mlango upi, na 38 ni ya kihistoria. Kwenye mtihani angalia silabasi yenu inatumia ipi ujibu hiyo, lakini usiandike namba peke yake, anza na NADH 10, FADH2 2 na ATP 4, kisha onyesha umezidisha kwa ngapi, msahihishaji akiona hivyo hata kama mwongozo wake una namba nyingine ana pa kukupa maksi.